Chanjo Imefika, Mgonjwa Anauguzwa na Nani?

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mpox ni dharura ya afya ya umma ya kimataifa, siku moja baada ya Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kutoa tangazo la namna hiyo kwa bara letu. Tarehe 5 Septemba 2025 Shirika hilo likaiondoa dharura hiyo. Katika mwaka ule na ushei tulishuhudia mengi: vipimajoto mipakani, mabango ya kunawa mikono, mikutano na waandishi wa habari, na ndege zilizopokewa kwa heshima kwa kuwa zilibeba chanjo. Lipo swali moja ambalo halikuwekewa kamera wala kipaza sauti, ijapokuwa ni jepesi kulitamka: mtu akishaugua, anauguzwa na nani?

Hoja ya makala haya ni kwamba mpox huua na kulemaza hasa pale matatizo yanayoiandama yanapoangukia mikono iliyotengana. Kinachomwokoa mgonjwa aliyezidiwa ni kundi la wahudumu wanaofanya kazi pamoja, kwa faili moja na kwa mpango mmoja. Serikali zetu zimejifunza kuulinda mpaka, zikaisahau wodi. Kila anayeuliza habari za wodi hujibiwa kwa methali: kinga ni bora kuliko tiba. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini haikutungwa ili imfariji afisa asiyetaka kumtazama mtu aliyekwisha kuugua.

Ugonjwa mmoja, milango mingi

Watu wengi huiona mpox, iliyokuwa ikiitwa ndui ya nyani hadi jina lilipobadilishwa mwishoni mwa mwaka 2022, kuwa ugonjwa wa ngozi. Huanza kwa homa, mitoki na maumivu ya mwili. Kisha hutoka vipele vinavyogeuka malengelenge, vikajaa usaha, vikakauka na kuacha vigaga. Baada ya wiki mbili hadi nne mtu amepona. Kwa wagonjwa walio wengi ndivyo inavyokuwa. Makala haya yanawahusu wale wasiopona kwa wepesi huo.

Vidonda vikiingiwa na bakteria huzaa majipu, na pengine maambukizi yanayosambaa katika damu. Hapo anahitajika muuguzi anayejua kuosha na kufunga vidonda, na huenda akahitajika daktari wa upasuaji. Virusi vikifika jichoni hushambulia konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na vinaweza kuacha kovu la kumpofusha mtu maisha yake yote. Hapo anahitajika daktari wa macho, tena mapema, maana kovu likishajiunda matone hayalifuti. Vidonda vya kinywani na kooni humzuia mtoto kumeza. Mtoto huyo anakaribia kufa kwa njaa na kwa kuishiwa maji, na anayeweza kumwokoa ni mtaalamu wa lishe pamoja na mtu mwenye subira ya kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Vidonda vya sehemu za siri vinaweza kuziba njia ya mkojo. Vya njia ya haja kubwa huleta maumivu ambayo mtu mzima huyalilia kama mtoto. Wapo wanaopata kichomi, na wapo wachache ambao ubongo au misuli ya moyo huvimba.

Sasa na tuihesabu milango ambayo mgonjwa mmoja anaweza kulazimika kuibisha: ngozi, macho, upasuaji, lishe, watoto, uzazi, kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, afya ya akili, ustawi wa jamii, famasi. Katika hospitali zetu kila mlango una foleni yake, daftari lake na siku yake ya kliniki. Mgonjwa hupewa karatasi aibebe kutoka mlango hadi mlango, naye ndiye anayekuwa tarishi wa maradhi yake mwenyewe. Mtaalamu wa ngozi huiona ngozi, wa macho huliona jicho. Anayemwona mtu mzima mwenye ngozi na jicho hayupo.

Kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu utaratibu huo ni kero. Kwa mwenye mpox ni hatari, kwa sababu mgonjwa huyu hawezi kuzunguka. Anatengwa ili asiwaambukize wengine, nayo ni haki kutengwa. Lakini maadamu yeye haendi kwenye milango, milango haina budi kumwendea yeye. Isipomwendea, kutengwa kwake kunageuka kuwa kusahauliwa. Tena ugonjwa wa kuambukiza humpa kila mwenye mlango kisingizio cha kuufunga: "Huyo ni wa wodi ya kule, wao ndio wenye mavazi ya kujikinga."

Ushahidi wa Tunda na Kole

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno matamu ya mhadhiri asiyeshika bomba la sindano. Basi tuwasikilize walioshika.

Kongo ndiko binadamu wa kwanza mwenye ugonjwa huu alikotambuliwa, mwaka 1970. Ni huko huko Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Biolojia ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, ilikoshirikiana na wanasayansi wa serikali ya Marekani kuendesha jaribio lililoitwa PALM007. Walitaka kujua kama tekovirimati, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ndui, inawafaa wagonjwa wa mpox. Washiriki 597, watoto kwa watu wazima, walilazwa katika vituo viwili vilivyo mbali na miji mikubwa: Tunda, jimboni Maniema, na Kole, jimboni Sankuru. Wengine walipewa dawa yenyewe, wengine kidonge kisicho na dawa. Wote walikaa hospitalini siku zisizopungua 14, wakafuatiliwa kwa karibu, wakalishwa, wakapewa maji ya kutosha na kutibiwa maambukizi yaliyojitokeza juu ya mpox.

Matokeo ya awali yalitangazwa tarehe 15 Agosti 2024, siku moja tu baada ya dharura ya dunia kutangazwa. Dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Habari iliyosambaa ikawa hiyo: dawa imeshindwa. Mwishoni mwa mwaka huo jaribio jingine, lililohusu watu wazima wenye aina ya virusi iliyosambaa duniani mwaka 2022, nalo likaonyesha kwamba tekovirimati haikuharakisha kupona wala haikupunguza maumivu.

Iko tarakimu ya PALM007 ambayo haikupigiwa kelele. Miongoni mwa washiriki wote, waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu, waliofariki walikuwa asilimia 1.7. Kiwango kilichokuwa kikiripotiwa kwa wagonjwa wa mpox nchini Kongo kwa jumla kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Msomaji makini ataniambia kwamba waliofika hospitalini na kukubali kuingia katika utafiti hawafanani na wale waliofia njiani au nyumbani. Anasema kweli, na asitokee mtu wa kuzinukuu tarakimu hizi kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Hata hivyo watafiti wenyewe waliliona jambo hilo, nao wakalisema waziwazi: mgonjwa wa mpox akilazwa na kupewa matunzo ya hali ya juu, hali yake huwa bora, awe amepewa tekovirimati au hakupewa.

Hayo hayakutokea Geneva wala Atlanta. Yalitokea Maniema na Sankuru, mahali ambapo barabara ni shida. Kilichowafaa wagonjwa wale ni chakula, maji, kuoshwa vidonda, kupimwa kila siku na kutibiwa matatizo kabla hayajakomaa. Ni kazi ya watu wengi wenye ujuzi tofauti waliokubaliana kumtazama mgonjwa mmoja. Kazi hiyo haizinduliwi kwa kukata utepe. Uji hauna hataza, na hakuna balozi anayesafiri kuja kukabidhi msaada wa kugeuzwa mgonjwa kitandani. Ndiyo maana matunzo hayana mtetezi katika meza za bajeti.

Penye VVU na penye mimba

Mwaka 2023 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa ya wagonjwa 382 wa mpox wanaoishi na VVU ambao kinga yao ya mwili ilikuwa imeshuka. Wengi wao walitoka nje ya Afrika, nao waliugua aina ile ya mwaka 2022, ambayo si sawa na ya Kivu. Hata hivyo somo lake linatuhusu. Kati yao 27 walifariki, na kila aliyefariki alikuwa na chembe za CD4 chini ya 200. Wagonjwa 85 walianzishiwa au kurudishiwa dawa za kufubaza VVU. Miongoni mwa hao 85, wagonjwa 21 walishukiwa kupata dhoruba inayotokea kinga ya mwili inapoamka ghafla na kuuchoma mwili ule ule inaoulinda. Wagonjwa 12 kati ya hao 21 wakafa.

Sisemi kwamba dawa za VVU zicheleweshwe. Hilo ni la wataalamu kuamua, mgonjwa kwa mgonjwa. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo hauwezi kufanywa na mlango mmoja. Daktari wa kliniki ya tiba na matunzo anazijua dawa za kufubaza. Wa wodi ya kutengwa anavijua vidonda vilivyofikia wapi. Mfamasia anajua dawa gani inagombana na ipi. Muuguzi ndiye aliyeona usiku kwamba pumzi imebadilika. Watu hao wanne wasipokutana, kila mmoja atatimiza wajibu wake sawasawa na mgonjwa atakufa. Kila faili litaonyesha kwamba hakuna aliyekosea. Hicho ndicho kifo cha kiofisi, nacho hakina mshtakiwa.

Vivyo hivyo kwa mama mjamzito. Taarifa moja ya Kongo iliyochapishwa mwaka 2017 iliwafuatilia wajawazito wanne waliougua mpox. Mmoja tu ndiye aliyejifungua mtoto mwenye afya. Wawili mimba ziliharibika mapema, na wa nne mtoto wake alifia tumboni. Wanne ni wachache mno kuwa takwimu, lakini wanatosha kuwa onyo. Tukumbuke pia mahali ambapo aina mpya ya virusi, inayojulikana kama 1b, ilianza kutambuliwa tangu Septemba 2023: Kamituga, Kivu Kusini, mji wa machimbo ya dhahabu, ambako iliwapata watu wazima kwa njia ya kujamiiana, wakiwemo wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Ugonjwa unaopita njia hiyo hauwezi kuwakwepa wajawazito. Mkunga basi ana kazi katika wodi ya mpox tangu siku ya kwanza. Akiitwa baada ya damu kuanza kutoka, ameitwa kushuhudia.

Kwa sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili, Kamituga si mahali pa mbali. Mgonjwa wa kule huyaeleza maumivu yake kwa lugha hii hii. Na njia za biashara zinazotuunganisha naye hazikusubiri tamko la wizara. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyegundulika mpakani Taveta. Machi 2025 Wizara ya Afya ya Tanzania ilithibitisha wagonjwa wawili, mmoja wao dereva wa gari la mizigo aliyekuwa ametoka nchi jirani kuelekea Dar es Salaam. Burundi, Rwanda na Uganda zilikuwa zimekwisha kupata wagonjwa mwaka uliotangulia.

Kutibu na kuuguza

Lugha yetu inatofautisha kutibu na kuuguza. Anayetibu ni mtaalamu. Anayeuguza, tangu zamani, ni mtu wa nyumbani: mama anayemuuguza mwanawe, mke anayemuuguza mumewe, mdogo mtu aliyeacha shule kwa wiki mbili akae na kaka yake wodini. Jina la muuguzi tulilompa mtumishi wa hospitali tumeliazima kutoka kwa hao.

Kila anayezifahamu hospitali zetu za umma anajua kwamba zinasimama juu ya migongo ya ndugu. Wao ndio waletao uji asubuhi na wali mchana. Wao humwogesha mgonjwa, humpeleka msalani, hukimbilia famasi, humwita nesi dripu ikiisha. Tumezoea kuwaona kuwa ni wageni wa saa za kutazama wagonjwa, kumbe ni watumishi wasio na mshahara wala ikama.

Inapokuja mpox, hatua ya kwanza ni kuwazuia hao. Geti linafungwa. Kwa sababu za kinga, uamuzi huo unaeleweka. Lakini hakuna aliyeuliza: kazi yote waliyokuwa wakiifanya inachukuliwa na nani? Tumemwondolea mgonjwa nusu ya wahudumu wake, tena ile nusu iliyokuwa ikimlisha, halafu tunashangaa akitoroka usiku kupitia dirishani. Tunamwita mkaidi, mtu asiyejali afya ya jamii. Mara nyingi ni mtu mwenye njaa tu.

Watoto ndio wanaolipa zaidi. Katika wimbi la mwaka 2024 nchini Kongo, wengi wa walioripotiwa kuugua na wengi wa waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto wa miaka miwili hatengwi peke yake. Hutengwa pamoja na mama. Mama huyo naye anahitaji chakula, kinga na chanjo, na mtu wa ustawi wa jamii wa kuwaangalia ndugu wa mtoto waliobaki nyumbani. Asipopewa hayo atachagua kati ya mtoto mmoja wodini na watatu nyumbani. Serikali isimlaumu kwa uchaguzi ambao yenyewe imemlazimisha kuufanya.

Timu si kamati

Najua neno "timu" litakapofika ofisini litatafsiriwaje. Utaandikwa waraka wa kuunda kikosi kazi. Kitakuwa na mwenyekiti, katibu na wajumbe kumi na wanane, na kitakutana hotelini kujadili rasimu ya mwongozo. Posho zitalipwa. Mwongozo utachapishwa kwenye karatasi nzuri, na wodini hakuna atakayeuona.

Timu ninayoizungumzia ni ndogo na ina jasho. Kila asubuhi inasimama kando ya vitanda, au nyuma ya kioo pale inapolazimu, ikiwa na faili moja la mgonjwa ambalo kila fani huandika ndani yake. Ina kiongozi mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye mambo yakiharibika hawezi kusema kwamba hilo lilikuwa la idara nyingine. Muuguzi aliyekesha huzungumza wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeona. Mtaalamu wa lishe ana uzito sawa na mwenye kuandika dawa. Daktari wa macho, ambaye pengine yuko mmoja kwa mkoa mzima, hupigiwa simu siku jicho linapoanza kuwa jekundu, bila kungoja zamu yake ya mwezi. Mshauri nasaha humwandaa mgonjwa kurudi mtaani akiwa na makovu usoni, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii humtangulia nyumbani ili majirani wasimpokee kwa mawe.

Hapo ndipo penye ugumu wa kisiasa. Timu ya namna hiyo inavunja ngazi za ukubwa ambazo hospitali zetu zimerithi na kuzitunza. Inamtaka bingwa amsikilize nesi mbele ya watu. Inaitaka idara itoe mtumishi wake kwa kazi ambayo haitaandikwa katika taarifa yake ya robo mwaka. Inautaka mradi wa VVU utumie gari lake kwa mgonjwa asiyehesabiwa na mfadhili wa VVU. Kwa miaka mingi tumejenga afya kwa miradi inayosimama kila mmoja kivyake, kila mmoja na mfadhili wake, nembo yake na daftari lake. Mapema mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, tuliona nguzo moja ikitikiswa na paa zima likiyumba. Nyumba iliyojengwa kwa nguzo zisizofungamana haiwezi kuwa na mwisho mwingine.

Majibu kwa wapinzani

Wa kwanza watasema: wagonjwa ni wachache, na kipindupindu na malaria vinaua zaidi. Ni kweli. Lakini wodi inayojua kumhudumia mgonjwa wa mpox kwa pamoja ndiyo hiyo hiyo itakayomhudumia mwenye surua iliyoingia machoni, mwenye moto uliomuunguza nusu ya mwili na mwenye kifua kikuu kilichokutana na VVU. Mpox ni mtihani mdogo wa somo kubwa.

Wa pili watasema: hatuna wataalamu. Upungufu upo, na asiyeukiri hajakaa foleni hospitalini. Lakini wengi wa watu niliowataja hapo juu tayari wameajiriwa katika hospitali za rufaa za mikoa. Ambacho hawajapewa ni amri na muda wa kukutana. Pale ambapo mtu hayupo kabisa, sheria inaweza kuugawa ujuzi. Uganda ilifanya hivyo mwaka 2004, iliporuhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandikia wagonjwa mofini ya kunywa, kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya madaktari peke yao. Maumivu ya mgonjwa wa kijijini hayakungoja tena daktari asiyekuwepo. Na kliniki zetu wenyewe za tiba na matunzo ya VVU, ambazo Tanzania imekuwa ikizieneza tangu mwaka 2004, zilifanikiwa kwa sababu zilimweka tabibu, muuguzi, mfamasia, mshauri nasaha na mhudumu wa jamii katika mnyororo mmoja. Tunaijua njia hii. Tumeamua tu kuwa ni ya ugonjwa mmoja wenye mfadhili.

Wa tatu watasema: chanjo kwanza. Sina ugomvi na chanjo. Nina ugomvi na dunia iliyowachanja watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini mwaka 2022, kisha ikaiacha Kongo isubiri shehena yake ya kwanza hadi Septemba 2024. Lakini kuidai haki ya chanjo hakumzuii mtu kudai haki ya matunzo. Chanjo inayotumika kwa watu wazima hutolewa kwa dozi mbili zinazopishana kwa wiki nne. Katika wiki hizo nne mgonjwa aliyelazwa amekwisha kupona, kupofuka au kuzikwa. Na aliyekwisha kuugua, chanjo haimtibu.

Wa nne, ambao ni wakweli zaidi, watasema: fedha. Hao nawakumbusha Abuja, Aprili 2001, ambako wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Aliyezaliwa mwaka ule leo ana umri wa kupiga kura, kuoa na kuolewa. Serikali nyingi za bara hili hazijaifikia asilimia hiyo hata leo. Fedha ambayo haikuwahi kutengwa haiwezi kuwa ushahidi kwamba jambo haliwezekani.

La kufanya

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: mpango wa afya wa halmashauri unaandikwa na mikono yenu. Wekeni humo kifungu cha chakula cha mgonjwa aliyetengwa na cha anayemuuguza. Wekeni dawa za maumivu. Andikeni kwa waraka rasmi nani anaongoza timu ya matunzo katika kila hospitali ya rufaa, na nani anapigiwa simu jicho likianza kuuma. Na badilisheni fomu ya taarifa. Leo tunahesabu waliougua na waliokufa. Waliotoka wakiwa na jicho moja, waliopoteza mimba, walioachwa na waume kwa sababu ya makovu, tunawaandika katika safu moja yenye neno "amepona".

Kwa wanafunzi: mnafundishwa udaktari katika jengo moja, uuguzi katika jingine, famasi kule, ustawi wa jamii ng'ambo ya barabara, halafu tunatarajia mkutane kwa mara ya kwanza mbele ya mtu anayekufa. Daini kufundishwa pamoja kabla ya kuajiriwa. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji ratiba.

Kwa wanaharakati: mmeipigania chanjo kwa haki. Ipiganieni na wodi. Idadi ya dozi zilizopokewa ni rahisi kuipata, kwa kuwa serikali huitangaza yenyewe. Ombeni idadi ambayo haitangazwi: wangapi walilazwa, walilala siku ngapi, walikula nini, wangapi walionwa na daktari wa macho, na kliniki ya VVU ilishirikishwa siku ya ngapi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tumeifanya methali hiyo kuwa wimbo wa shule ya msingi. Dharura ya kimataifa imeondolewa. Virusi havikuondolewa pamoja nayo, na lori litakaloleta mgonjwa mwingine pengine limekwisha kupakiwa. Siku waziri atakaposimama tena mbele ya vipaza sauti kutaja idadi ya chanjo zilizowasili, mwandishi mmoja ainue mkono amuulize jina la kiongozi wa timu ya wodi ile, na uji wa asubuhi hii umeletwa na nani.